Ukurasa wa Watafuta Marafiki

Jalada ninalo mimi. Kurasa nyingine zote zilibaki Garissa, na kwa miaka mingi nimejizuia kuuliza kama bado zipo. Jalada lenyewe limechakaa mahali pa kukunjia, lakini mwanamke aliye juu yake angali anang'aa: amevaa nguo ya rangi ya fedha iliyombana, amesimama mbele ya sayari mbili, na macho amepakwa kijani hadi kwenye nyusi. Kwenye pembe ya juu, kwa tarakimu ndogo nyeupe, kumeandikwa mwaka. Nikilitoa leo sianzi kumtazama mwanamke. Naanza na ile pembe.

Jarida lilikuja Garissa ndani ya mkoba wa kike. Mama yangu aliuza mitumba Soko Mugdi, na mikoba ya ngozi kutoka ng'ambo huja imeshindiliwa karatasi tumboni ili isisinyae. Kwa kawaida zilikuwa kurasa za matangazo ya makochi na nyama. Siku hiyo nikavuta, likatoka jarida zima lililokunjwa mara mbili, pini zake zimeshika kutu. Mama akaona mabega ya yule mwanamke yalivyo wazi, akasema hilo likafungiwe njugu. Nikalipenyeza chini ya sare ya shule na kujifanya naenda chooni. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu na ubishi wa watu wazima wawili.

Lilikuwa jarida la mashabiki wa kipindi kimoja cha televisheni cha huko ng'ambo. Kipindi chenyewe sijakiona mpaka leo, na ploti yetu nzima haikuwa na televisheni. Nilikijua kwa kukisoma tu: watu wa mji mmoja ambao sayari yao imekauka, mji wao wote umeng'olewa na kurushwa angani, nao wanapita kati ya nyota wakitafuta maji. Kila wanapofika wanakuta maji yana mwenyewe. Sisi maji ya Tana tuliletewa mlangoni kwa mkokoteni wa punda, tukayagombania na ndoo mkononi, kwa hiyo sikuona ajabu yoyote katika hadithi hiyo. Nilichostaajabu ni watu wazima waliokaa chini wakaandika barua kulalamika kwamba mkono wa zimwi ulionekana wazi kuwa ni wa mpira.

Ukurasa wa mwisho wa ndani, kabla ya jalada la nyuma, ulikuwa wa watafuta marafiki. Ulijaa picha ndogondogo, ukubwa wa ukucha wa dole gumba, zimepangwa safu baada ya safu. Chini ya kila picha kulikuwa na jina, umri, anwani, na maneno mawili matatu: huyu anapenda kipindi na kukusanya stempu, yule anaahidi kujibu kila barua. Mimi ukurasa huo niliuruka. Nilitaka mazimwi.

Sisi tulikuwa wageni pale. Baba alikuwa mwalimu kutoka Taita, aliyefundisha Kotile kwanza kabla ya kuhamishiwa mjini, na tulipanga vyumba viwili katika ploti ya vyumba sita. Chumba cha mkabala na chetu alikaa mama mmoja kutoka upande wa Kismayo, ambaye sote tulimwita Eddo, yaani shangazi, pamoja na mke wa mwanawe. Eddo alipika anjera, chapati laini za unga uliochacha, kila asubuhi akauza ploti na nusu ya mtaa, na ya kwanza kutoka kikaangoni, ile ya kujaribia moto, alinipa mimi na mafuta ya ufuta na sukari. Mama alisema ananiharibu. Aliniharibu kweli, nami nilimpenda kwa hilo.

Mwanawe alikuwa fundi cherehani. Vita vilipofika kwao walitoka kwa miguu, wakafika mahali pa kupumzika, naye akasema anarudi mara moja kuchukua cherehani, maana bila cherehani wangekula nini huko waendako. Alikuwa na ndoa ya miezi miwili. Hakurudi. Mama mtu na mkamwana wakavuka mpaka, wakakaa kambini Dadaab, halafu ndugu fulani akawasaidia kufika Garissa.

Kila mwezi Eddo alipanda lori kwenda Dadaab kuuliza. Kule palikuwa na meza, na juu ya meza vitabu vya sura: picha ndogo za watu waliopotea na watu wanaotafutwa, safu baada ya safu, chini yake jina, umri na mahali. Alipita kila sura kwa kidole, ukurasa kwa ukurasa, na alirudi akakaa mlangoni bila kula mpaka kesho yake. Sisi watoto tulifundishwa kupita mbali na mlango ule siku hizo. Nilikuwa nikimchungulia kupitia uwazi wa pazia letu.

Ikapita miaka minne. Sheikh wa mtaa akawaeleza kwamba mke wa mtu aliyetoweka miaka minne bila habari yoyote anaweza kuachiliwa, akae eda kana kwamba amefiwa, kisha aolewe akitaka. Eddo mwenyewe alikubali. Alilia, akakubali, na nataka hilo lieleweke, kwa sababu hakuwa mtu mbaya hata siku moja. Palikuwa na mfanyabiashara wa mifugo kutoka Eldas, mjane mwenye adabu, aliyeleta ng'ombe mnadani na kila akija alipita kuacha kilo mbili za sukari mlangoni, akasalimu na kuondoka bila kuketi. Ijumaa ikapangwa ya sheikh kumwachilia.

Wiki zile mkamwana alibadilika. Sikuwa nimejua kwamba ana kicheko. Alikuwa na miaka ishirini hivi, alikuwa amesoma kidogo kwao, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha Eddo. Alasiri moja alikuwa akinisuka barazani, kichwa changu kati ya magoti yake, jarida langu mapajani mwangu. Akanyoosha mkono juu ya bega langu akagusa yule mwanamke wa fedha. Aliniita abaayo, yaani dada, kama wasemavyo kwao.

"Huyu amevaa nini, abaayo? Sufuria?"

Tukacheka. Kidole chake kikapanda hadi kwenye pembe, akausoma mwaka kwa sauti, tarakimu moja moja.

"Wacha! Mwaka huu hata mimi sijazaliwa."

Tukacheka tena, akaendelea kunisuka. Nilisikia tarakimu zile na hazikuniambia kitu.

Siku mbili baadaye Eddo aliingia kwetu kurudisha chekeche ya mama. Jarida lilikuwa mkekani, limefunguka lenyewe pale mwisho, maana pini zilikuwa zimelegea. Nilimwona anasimama. Nilimwona anaweka chekeche chini polepole, anapiga magoti, na kidole chake kinaanza juu kabisa upande wa kushoto, kama alivyozoea.

"Nani amekubatia hii kitabu?" akauliza, P ikimgeukia B kama mara nyingi.

"Ni ya mitumba, Eddo. Ni jarida la—"

"Hii ni ile ya Dadaab. Lakini watu yake ni wa mbali." Kidole kilikuwa kinakwenda. Safu ya kwanza, ya pili. Kwenye ya tatu kikasimama. "Subhanallah," akasema, kwa sauti ndogo sana.

Alikuwa kijana mweusi mwenye shingo nyembamba na nywele nyingi, anatabasamu kwa upande mmoja. Nyusi yake ya kushoto ilikuwa imekatika katikati.

"Kijana yangu hiyo. Mlango ya chuma ilimbiga hapa akiwa mdogo, mimi nilishika damu na mkono yangu. Bicha yake hiyo, wallahi."

Nikamwambia hawa ni mashabiki, wanatafuta marafiki tu. Nikamwambia hata jina si lake. Eddo alizijua herufi, alifundishwa kwao ujanani, na jina lile la kizungu alikuwa ameshalisoma mwenyewe herufi kwa herufi. Akanitazama kwa huruma.

"Binti ya mwalimu, nani amefika huko na jina yake? Mtu anaenda na karatasi ya mtu mwingine. Yule wa duka ya nguo, kaka yake iko ulaya na jina ya marehemu. Kama ingekuwa jina yake sawasawa, hapo mimi ningesema si yeye."

Ilikuwa kweli, ploti nzima ilijua watu waliosafiri kwa majina ya watu. Akaniambia nimsomee maneno ya chini. Nikasoma na kufasiri nikiwa nasoma, bila kutangulia kuangalia: ana miaka ishirini, anapenda kipindi, anapenda muziki, na mavazi yote ya kipindi anayashona mwenyewe.

"Anashona," nilisema, na Eddo akakaa chini kabisa.

Hakupiga vigelegele wala hakulia. Aliniomba nilirudie lile neno. Nikalirudia. Akaniomba tena. Mwishowe akanishika uso kwa mikono miwili yenye harufu ya unga uliochacha, akaniombea dua ndefu, akaenda kwake. Jioni ile alikula. Nilimwona kwa macho yangu kupitia pazia, anakula na kuongea, na nikajisikia mkubwa. Miye, mtoto niliyefukuzwa kila jikoni, nimempa mtu mwanawe.

Kesho yake nilichukua lenzi ya baba ya kusomea ramani nikamsogelea yule kijana. Kadiri nilivyomsogelea ndivyo alivyopotea. Tabasamu likawa madoa, shingo ikawa madoa, ile nyusi iliyokatika ikawa nafasi nyeupe ambapo wino haukushika. Nikiinua lenzi alirudi, akanitazama. Nilifanya hivyo mara nyingi kuliko ilivyofaa. Ndipo nikafunga jarida, nikaliona jalada, na zile tarakimu safari hii zikaniambia kila kitu.

Mwaka ule mkamwana alikuwa hajazaliwa. Mumewe alimzidi miaka miwili au mitatu tu. Kijana aliyekuwa na miaka ishirini jarida lilipochapwa sasa angekuwa mtu wa makamo mwenye mvi, huko alikozaliwa, na hajawahi kusikia jina Kismayo. Nilihesabu kwenye daftari la hisabati, nikahesabu tena, ingawa hesabu yenyewe ingefanywa na mtoto wa darasa la pili.

Nilijua linalonipasa. Nililijua vizuri kama ninavyolijua sasa, na sitasingizia utoto. Lakini mlango wa mkabala ulikuwa wazi na Eddo alikuwa anaimba, jambo ambalo sikuwa nimewahi kulisikia, na mimi ndiye niliyemwimbisha. Pini zilikuwa na kutu. Karatasi ya nje ikatoka yote kwa mvuto mmoja, jalada la mbele na la nyuma pamoja, na hakuna mahali pengine ndani palipoandikwa mwaka. Nikaikunja nikaitia kwenye daftari la hisabati, katikati ya hesabu zangu.

Alhamisi alasiri sheikh alikuja chumbani kwa Eddo, nikaitwa. Alikaa mkekani, jarida mbele yake limefunguliwa kwenye ile safu ya tatu. Mkamwana alikuwa kwenye pembe, shungi limefika kwenye nyusi, anamenya kitunguu.

"Binti," sheikh akasema, "mimi Kiingereza sisomi. Wewe ni mtoto wa mwalimu, hutatudanganya. Kuna nini hapa?"

Nikasoma tena. Akasikiliza amefumba macho. Akasema picha si ushahidi, sura hufanana. Halafu akauliza swali ambalo nilikuwa nimelingoja siku nzima nikitumaini hatalifikiria.

"Hiki kitabu ni cha lini?"

"Kimekuja na mitumba ya mwezi huu," nikasema, na hilo lilikuwa kweli tupu.

"Tarehe yake?"

"Hakina jalada."

Kisu kikaacha kumenya. Mkamwana aliinua uso akanitazama. Hakukunja ndita. Alinitazama tu, akasubiri, kama mtu anayesubiri mwenzake amalize sentensi. Alikuwa ameusoma mwaka ule kwa kidole chake mwenyewe juu ya bega langu, na alijua kwamba najua. Nilingoja aseme yeye. Yeye alingoja niseme mimi. Chini ya dirisha punda wa maji alikuwa anapiga kwato, na sheikh akapangusa miwani.

"Basi shaka imeingia," akasema. "Andikeni barua. Tungoje jibu. Hatuwezi kumwachilia mke wa mtu ambaye huenda yu hai."

Eddo akasema alhamdulillahi. Mkamwana akainamisha uso, kisu kikaanza tena.

Barua niliiandika mimi kwa Kiingereza changu cha shule, Eddo akinitajia: mama yako ni mzima, mke wako ni mzima, usiogope habari ya jina, hatutamwambia mtu. Nikaipeleka posta kwa mkono wangu. Nilikuwa na tumaini la kijinga kwamba bwana mmoja mwenye mvi atajibu kwamba mmekosea, kijana huyo ni mimi, tena zamani. Angenitua mzigo. Hakujibu. Eddo alinisubiri mlangoni kila nikitoka shule, na nikitikisa kichwa hakuhuzunika hata kidogo. Mtu mwenye jina la kuazima hawezi kujibu ovyo, alisema, watamkamata. Kila mwezi bila jibu ulimthibitishia zaidi. Aliacha kwenda Dadaab. Akanenepa.

Yule wa Eldas alipita siku mbili za mnada na sukari yake. Ya tatu hakuja. Baadaye wachuuzi walisema ameoa kule Buna, na kwamba mke ni mtu mwema. Walilisema ploti nzima ikisikia, mkamwana akifua, naye akaendelea kufua. Hakunisuka tena. Mama alinipeleka kwa mwanamke mwingine aliyenivuta nywele mpaka nikatokwa machozi, nami nikaona hiyo ni haki yangu.

Na yule kijana akaanza kunitokea. Nilimwona kwenye geti la shule, nikamwona amekaa juu ya magunia kwenye lori, shingo ile ile. Nikimkaribia anakuwa mtu mwingine. Nimeishi miji minne tangu hapo na bado hunitokea, kwenye foleni ya benki, kwenye dirisha la basi linalonipita. Hazeeki. Wakati mwingine huwa nawaza kwamba niliyemwona ni yule mwingine, fundi mwenyewe, anayerudi na cherehani begani akitafuta mlango, na kwamba mimi ndiye niliyeuficha.

Mwisho wa mwaka baba alihamishiwa Voi. Asubuhi tuliyoondoka vitu vilikuwa juu ya lori na dereva alikuwa anapiga honi, maana magari yalitoka kwa msafara na polisi hawakumngoja mtu. Nilirudi chumbani kuangalia kama kuna kilichosahaulika. Mkamwana aliingia nyuma yangu. Mwaka mzima hatukuwa tumesemeshana zaidi ya salamu.

"Unalo?" akauliza.

Nililitoa kwenye daftari. Akalikunjua, akamtazama mwanamke wa fedha, akapandisha kidole kwenye pembe.

"Kwa nini hukusema?" nikamuuliza. Ndiyo, mimi nilimuuliza yeye. Nikikumbuka hilo nasikia joto masikioni hata leo.

Hakukasirika. "Ningesema mimi, wangesema huyu amechoka kungoja, anataka mwanamume. Nani angeniamini? Wewe hukuwa unataka kitu, abaayo. Wewe wangekuamini."

Nikamwambia alichukue, akamwonyeshe sheikh, nyumba yake si mbali. Nikamwambia hata mimi naweza kukimbia sasa hivi, dereva atangoja. Nilisema hivyo na miguu yangu haikutoka pale iliposimama. Yeye aliitazama miguu yangu, akalikunja jalada palepale penye mikunjo ya zamani, akalirudisha mkononi mwangu na kuvifunga vidole vyangu juu yake.

"Sasa hivi ukimwambia Eddo, atakufa," akasema. "Kaa nalo wewe."

Nje honi ikalia tena. Eddo alikuwa mlangoni na anjera za safari zilizofungwa kwa kitambaa, zingali moto. Alikuwa amevaa shuka yake nzuri. Akatoa kifuani ule ukurasa, ambao sasa ulikuwa laini kama kitambaa, akautazama kidogo na kuurudisha mahali pake.

"Wewe umesoma," akaniambia. "Kesho kesho utaenda mbali, utafika hata huko kwa hawa watu. Ukimuona, mwambie mama yake iko balebale Garissa. Mwambie na mke yake bado anamngoja."

Mkamwana alikuwa amesimama nyuma ya bega lake, ananisikiliza.

"Ndiyo, Eddo," nikasema. "Nikimwona nitamwambia."